Koko Anakunywa Mawese

Bunia, Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Mwanangu Charlotte, mama Jemima,

Barua hii ikinuka samaki, usinilaumu mimi. Kamate ameificha katikati ya samaki wakavu wa Kasenyi, kwa sababu anasema askari wa barieri za njiani hufungua kila kitu isipokuwa kile kinachonuka. Tangu mnara wa simu wa huko Kilo uzimike kwa kukosa mazutu, hiyo dizeli ya jenereta, pikipiki ya Kamate ndiyo simu yetu.

Hapa Bunia nasi tumekauka. Barabara ya Mahagi imefungwa wiki ya tatu, malori ya mazutu hayapiti, na wenye pampu wameweka viti mbele ya pampu tupu wanacheza dama. Lakini papa yako si mtu wa kukalia kiti. Koko sasa anakunywa mawese!

Umesoma vizuri. Land Cruiser yangu kuukuu, ile uliyoipa mwenyewe jina la Koko ulipokuwa mdogo kwa sababu ilikohoa kama bibi yako, inatembea kwa mafuta ya kupikia. Ikipita mtaani inaacha harufu ya mandazi, na watoto wanaifuata wakiuliza yanauzwa wapi. Mama yako analalamika kwamba nimemharibia biashara.

Nimefanya hivyo kwa ajili yako. Daktari Vanessa alituambia wazi siku alipokupasua kumtoa Jemima: mtoto wa pili asizaliwe mbali na chumba cha upasuaji. Sasa mwezi wa nane umeingia na wewe uko Kilo. Kabla ya Novemba kwisha nitakuja kukuchukua. Mumeo Fiacre asikusindikize, wanaume wa umri wake wanateremshwa kwenye barieri, na wengine hawarudi. Abaki na Jemima.

Usiwe na woga. Mimi sina.

Papa yako,
Xavier


Kilo, Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Papa,

Naanza na neno moja: usije. Si sasa.

Jumanne tulisikia risasi nyuma ya kilima cha shule tangu asubuhi mpaka saa nane. Fiacre alikuwa darasani na wanafunzi kumi na mmoja, wote wakalala chini ya madawati. Siku hizi hata upepo ukifunga mlango, Jemima anaingia chini ya kitanda bila kuambiwa. Ana miaka minne, Papa, na tayari anajua kukaa kimya. Hilo linaniogopesha kuliko risasi zenyewe.

Na hayo mawese yako yananiogopesha pia. Asubuhi hapa kuna baridi, mawese yangu nayachimba na kijiko. Kama yanaganda jikoni mwangu, ndani ya gari yatafanya nini? Nimekuota umesimama njiani, kofia mkononi, Koko amekufa, na watu wanatoka kwenye majani. Nimeota hivyo mara mbili.

Mimi ni mzima. Mtoto anacheza. Muuguzi Blanchard ananipima kila Ijumaa na hana neno. Nitangoja barabara itulie, kisha tutaona.

Msalimu mama. Mwambie mandazi yake nayakumbuka.

Mtoto wako,
Charlotte


Bunia, Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mwanangu,

Nimekulipia shule miaka kumi na miwili, leo unanifundisha habari za kijiko! Kaa chini nikueleze.

Koko ana matumbo mawili. Tangi dogo ni la mazutu, tangi kubwa ni la mawese. Asubuhi namwasha kwa mazutu. Moteri ikishapata moto, maji yake yanapita ndani ya bomba nililolizungusha kwenye tangi la mawese, mawese yanalainika, nageuza robine ya kubadilishia tangi, tunakwenda. Kabla ya kuzima, narudisha robine kwenye mazutu na kuiacha moteri ingurume dakika chache, mabomba yote yasafishwe. Hapo ndipo unazima. Ukizima mawese yakiwa ndani, yanaganda kwenye chujio, na hata mimi Xavier sina la kufanya ila kufungua kila kitu na kupanga vipande juu ya majani.

Kwa hiyo shida yangu si mawese, ni barieri. Kutoka hapa hadi kwenu ziko sita, na kila moja amri ni ileile: zima moteri, teremka, mikono ionekane. Kila kuzima na kuwasha kunakula nusu lita ya mazutu safi. Nimepata lita nne. Mchungaji amezitoa kwenye jenereta ya kanisa, ndiyo maana leo tumeimba bila vipaza sauti, na nadhani Mungu alitusikia hivyohivyo. Lita nne zinatosha.

Alhamisi nilimjaribu Koko hadi karibu na Kasenyi na kurudi. Hakukohoa hata mara moja.

Papa yako,
Xavier


Bunia, tarehe 9 Novemba

Mama Jemima,

Kamate anangoja mlangoni na papa yako yuko nje anamsifia gari, kwa hiyo naandika haraka. Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Amekudanganya. Koko alifia mlimani njia ya Kasenyi. Kwenye barieri askari mmoja alikoki bunduki, papa yako akashtuka, akageuza ufunguo bila kugusa robine. Basi. Mawese yakaganda, naye akakaa pale na askari mpaka kesho yake mchana, lori la samaki likamvuta mpaka nyumbani. Hakuniambia. Nimeambiwa na dereva wa lori. Tangu siku hiyo mikono yake inatetemeka akishika kikombe, anaificha chini ya meza. Ana miaka sitini na sita na haogopi kitu zaidi ya watu kujua kwamba anaogopa.

Kuna jambo lingine linalonichoma. Anachukua mawese ya chini ya bidoni langu la mafuta, yale mazito, kwa sababu yale ya juu nakaangia mandazi. Kila mwanamke wa sokoni anajua: bidoni likitulia siku tatu, ya juu yanabaki maji mekundu hata asubuhi ya baridi, ya chini yanakuwa kama sabuni. Nilimwambia. Akanijibu, "Weye angaria mandazi yako. Moteri haiko sufuria."

Sasa na wewe niambie kweli. Barua yako ilikuwa ndefu kuhusu risasi na fupi kuhusu tumbo. Nimekuzaa, nakujua.

Mama yako,
Agathe


Kilo, Jumatano, tarehe 12 Novemba

Mama,

Damu imeanza kutoka. Si nyingi. Ilianza tarehe 4, ndiyo siku ya zile risasi, ikakauka, jana ikarudi. Blanchard anasema labda kondo limekaa vibaya, juu ya kile kidonda cha zamani. Hana mashine ya kuangalia. Alitaka nipande pikipiki ya Kamate mpaka Bunia, kisha akafikiri mashimo yote yale ya njiani, akasema hapana, kidonda kitafunguka kabla hatujafika nusu ya safari. Inatakiwa gari, nilale.

Nakuomba kwa jina la Jemima usimwambie Papa. Ukimwambia atawasha Koko dakika hiyohiyo. Fiacre alichukua chaki akahesabu ubaoni: barieri sita kuja, sita kurudi, nusu lita kila moja. Lita nne hazitoshi, Mama. Zinatosha kuja tu. Papa anajua kuhesabu, kwa hiyo anajua. Kila usiku nikifunga macho namwona na kofia yake mkononi, na sasa kwa kuwa umeniambia habari za Kasenyi, najua kwamba haikuwa ndoto ya ujinga.

Afadhali ningoje. Labda mazutu yatafika.

Lakini hayo mawese ya chini, Mama, mnyang'anye. Usibishane naye. Mwagia ya juu kwenye tangi lake akiwa kanisani.

Naogopa sana. Simwambii Fiacre ni kiasi gani, kwa sababu naye ananificha woga wake.

Charlotte


Bunia, Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Mwanangu,

Habari nzuri mbili. Ya kwanza, nimerekebisha chujio la Koko kwa ufundi ambao sitakueleza kwa sababu hutaelewa. Tangu juzi anaamka mara moja, hata kukiwa na baridi. Mama yako alisimama mlangoni akitazama, hakusema kitu, na mwanamke huyo kunyamaza si jambo dogo.

Ya pili, nasikia kutakuwa na msafara wa magari chini ya ulinzi tarehe 28, na pengine mazutu yatakuwa yamefika. Kwa kuwa wewe ni mzima na Blanchard hana neno, sioni sababu ya kukimbia peke yangu barabarani. Nitakuja na msafara. Nakiri kwamba nimelala vizuri tangu nilipoamua hivyo.

Papa yako,
Xavier

*Mimi Agathe, nimeifungua kabla Kamate hajaondoka. Mawese nimeyabadilisha, ndiyo huo ufundi wake. Lakini umesikia: anangoja tarehe 28, kwa sababu ya uongo wako na ukimya wangu. Mwandikie mwenyewe. Jumatano ikifika bila barua, nafungua mdomo.*


Kilo, Jumatatu, tarehe 17 Novemba, asubuhi

Papa,

Nilikudanganya. Natoka damu tangu mwanzo wa mwezi. Jana zililowa nguo mbili. Blanchard anasema si suala la tarehe 28, ni suala la siku.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utakuja. Sasa nakuambia kwa sababu nataka uje.

Najua habari za Kasenyi. Usimkasirikie mama. Najua pia hesabu ya lita nne. Sijui tutarudi vipi, lakini sitaki kufia hapa mbele ya Jemima.

Kamate ameapa kufika kwako leo au kesho.

Charlotte


Bunia, Jumatatu, tarehe 24 Novemba

Mkwe wangu Fiacre, papa Jemima,

Charlotte yuko hai. Mtoto yuko hai, ni msichana, mdogo sana, ananyonya. Nimeandika hayo kwanza ili mengine usiyasome ukitetemeka. Sasa nakuambia yote, na barua hii haina uongo. Katika familia hii tulidanganyana kwa upendo mpaka nusura tuuane.

Jumatano ile ulipotufungia mlango wa Koko, uliniuliza kama mazutu yatatosha, nikasema ndiyo. Hayakuwepo. Ya mwisho ndiyo yaliyomwasha pale mbele ya nyumba yako. Nilipogeuza robine kwenye mawese tulikuwa bado hatujapita shule, na tangu hapo kuzima popote kulikuwa kubaki hapohapo. Charlotte alijua. Amelala nyuma juu ya godoro lenu, akaniambia, "Papa, usizime."

Kwenye barieri nilifanya hivi: nasimama mbali kidogo, navuta breki ya mkono, namwacha Koko ananguruma, nateremka mikono kichwani na kupiga kelele, "Siwezi kuzima! Mutoto yangu iko anatoka damu!" Ya kwanza walitazama ndani wakatupitisha. Ya pili askari alinipiga kitako cha bunduki begani, kisha akatazama ndani, akatupitisha. Ya tatu walilala chini wakanielekezea bunduki zote, kwa sababu gari linalokataa kuzima huwa limebeba kitu kibaya. Pale nilijikojolea, Fiacre. Nakuambia wewe, mwanaume mwenzangu. Mama Charlotte anajua kwa sababu alifua suruali.

Baada ya hapo palikuwa na gogo njiani ambalo asubuhi halikuwepo. Watu sita, bila sare, wenye macho ya watu wasiolala. Mmoja alikuja mpaka dirishani akaweka bunduki hapa, chini ya sikio langu.

"Muzee, zima."

"Nikizima, haitawaka tena. Mutoto yangu atakufia hapa."

"Nimesema zima. Iko nini mu gari? Juu ya nini inanuka mandazi?"

"Ni mawese. Siye hatuna mazutu. Inakunywa mawese."

Hakuamini. Alizunguka nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti, akakilamba. Nilimwona kwenye kioo. Alikilamba mara mbili, polepole, na nikaelewa kwamba mtu yule ana njaa. Aliwaita wenzake, wakasogea wote, na nikafikiri sasa watanyonya tangi lote na tumekwisha. Charlotte akalia kwa uchungu, kilio kimoja tu. Yule mtu akasimama anamtazama. Sijui aliona nini, dada yake au mke wake. Akaniambia, "Uko na mandazi?" Nikakumbuka ndoo ambayo mama Charlotte alimtumia binti yake. Kwa haraka yetu kule kwenu hata hatukuifungua. Niliitoa yote. Walivuta gogo midomo ikiwa imejaa, na yule wa bunduki akapiga bati la mlango: "Enda. Usizime."

Barieri tatu za mwisho hata sizikumbuki vizuri.

Saa kumi na moja tukaingia uani kwa maternite, mvua inanyesha. Daktari Vanessa alimshika Charlotte tumbo mara moja tu, akaagiza chumba cha upasuaji, kisha akarudi mbio kwangu. Sola yao ilikuwa haijaona jua siku nne. Jenereta yao kavu, kama jenereta zote za mji. Ndani kulikuwa kama saa mbili usiku. Akaniuliza, "Muzee, gari yako iko na taa?"

Nilifungua taa za mbele, tukavuta waya kupitia dirisha, muuguzi mmoja akazishika juu ya meza kila mkono taa moja. Waliponiambia wameanza kupasua, nilitazama mshale wa tangi. Ulikuwa umelala.

Mama Charlotte alifika kwa miguu, amelowa. Nilimwonyesha mshale. Unaijua ile veranda ya nyuma, ambapo ndugu wa wagonjwa wanapika: jioni ile walikuwa wanawake kama ishirini na mabakuli yao na makaa yao. Alikwenda akasimama katikati yao. "Bamama, binti yangu iko juu ya meza. Taa yake inakula mawese. Munipe."

Walimpa. Mmoja nusu chupa, mmoja kikombe, bibi mmoja kutoka kambi ya wakimbizi alikuwa na vijiko vitatu ndani ya mfuko wa plastiki, akavikamua vyote. Nikanyoosha mkono nimwage, mama Charlotte akanipiga juu ya mkono. "Hapana! Yapashwe moto kwanza." Akayapasha juu ya makaa, akayachuja kwa kitenge alichovaa, akanipa nishike faneli. Hapo ndipo aliponiambia nani alikuwa fundi wa chujio langu. Sikubisha. Nilishika faneli. Koko alikohoa mara moja na taa zikafifia, nikasikia Daktari anapiga kelele ndani, nikasali maneno ambayo hata sijui ni ya kanisa gani. Kisha akashika tena.

Mtoto alilia. Lakini bado walikuwa wanamshona Charlotte, damu ilikuwa inakataa kusimama, tukaendelea kumwaga, kikombe baada ya kikombe. Ilichukua saa moja na nusu, pengine zaidi. Mwishowe Daktari akatoka, akavua glavu, akasema ataishi, na kwamba naweza kuzima.

Sikuweza. Niliketi pale, mkono juu ya ufunguo, na mkono ukakataa. Nilikuwa nimejiambia tangu Kilo kwamba Koko akinyamaza Charlotte naye atanyamaza, na sasa hata Daktari hakuweza kunitoa hilo kichwani. Mama Charlotte aliingia upande wa pili, akaweka mkono wake juu ya wangu, akageuza ufunguo. Kukawa kimya. Nikasikia mvua, nikasikia mtoto. Nililia mbele ya watu wote.

Jana Charlotte aliweza kukaa. Akaniuliza Koko anaendeleaje. Nikasema mzima kabisa. Akanitazama tu. Nikasema, "Amekufa. Yameganda mpaka ndani ya pampu." Akacheka, akashika kidonda, akaniomba nisimchekeshe tena.

Mtoto hana jina, anakungoja. Barabara ikitulia, uje na Jemima. Msije kabla.

Koko bado amesimama uani pale, nimefungua boneti lakini sina haraka. Asubuhi mama Charlotte anapeleka ndoo ya mandazi kwenye veranda ile, anagawa bila kuuza, na mimi naibeba ndoo. Yule bibi wa kambini aliniuliza jana kama mjukuu wangu ananenepa. Nikamwambia ananenepa. Jumatano ile sufuria zote za pale zilikuwa za sombe, majani ya muhogo yanayopikwa kwa mawese, na wagonjwa wote walikula sombe bila mafuta.

Papa mkwe wako,
Xavier